Kisu Kisichotaka Jiwe

Mkono wa kushoto wa mama haukuwa na nywele. Wa kulia ulikuwa nazo kama mkono wa mtu yeyote, lakini wa kushoto, kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, ulikuwa mtupu kama shavu la mtoto mchanga. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama wote wameumbwa hivyo. Siku moja, nikiwa darasa la kwanza, mwalimu alinishika mkono anielekeze kuandika herufi, nikauona wake, nikarudi nyumbani mbio na habari.

"Mama! Mwalimu ana nywele mikono yote miwili!"

Mama alicheka hadi akatua sufuria chini. "Mwalimu anajaribu chaki yake ubaoni," akasema. "Mimi kisu changu nitakijaribu wapi?"

Mama alikuwa mbebeshaji wa miche. Nyuma ya mtaa wetu kulikuwa na kitalu, na chini ya wavu mweusi wa kivuli yeye na wenzake sita walikaa mbele ya meza ndefu ya mbao, wakifanya kazi moja tu: kukata jicho la mchungwa mtamu, yaani lile chipukizi dogo linalolala kwapani mwa jani, na kulichomeka chini ya gome la mche wa mlimau. Mlimau una mizizi ya kiume, mchungwa una tunda tamu. Ukiwaozesha hao wawili, mteja anapata mti. Jeraha linafungwa kwa utepe wa plastiki, na baada ya wiki tatu utepe unafunguliwa. Jicho likiwa la kijani, limeshika. Likiwa la kahawia, limekufa.

Mambo yote yalikuwa kwenye kisu. Jicho hukatwa mara moja, hakuna kurudia. "Jeraha lililokatwa linapona," mama alikuwa akisema, "lililochanwa linaoza." Kwa hiyo kila mbebeshaji alikuwa na kisu chake cha kukunja, na kisu hicho hakikuazimwa wala kunolewa na mtu mwingine. Kila mkono una mlalo wake, yaani namna yake ya kukilaza kisu juu ya jiwe, na mkono mgeni ukipita mara moja, mwenyewe atahangaika siku nyingi kuurudisha mlalo wake. Hata mimi, mwanawe wa pekee, sikuruhusiwa. Niliruhusiwa kudondosha maji.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza duniani, na sijapata nyingine niliyoipenda hivyo. Asubuhi, kabla chai haijachemka, mama aliketi kwenye kigoda uani na kinoo mapajani. Kinoo kilikuwa cha bibi, kimelika katikati kama ngazi ya nyumba ya zamani. Mimi nilichuchumaa mbele yake na kikombe cha maji, nikidondosha matone kwa vidole. Alihesabu kwa kunong'ona: ishirini upande huu, ishirini upande ule. Ishirini alipewa na bibi, na bibi alipewa na nani, hatukuwahi kuuliza. Tope la kijivu lilitoka, likanukia kama mvua inayopiga mabati. Kisha alipitisha kidole gumba kwenye makali, kwa kukwepesha, akitafuta kile alichokiita uzi: ule ukingo mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili pale makali mawili yanapokutana. Uzi ukishatokea, ujue jiwe limefika mwisho wa safari. Alikuwa akiufuta kwa mkanda wa zamani wa marehemu baba, uliopigiliwa msumari kwenye fremu ya mlango, na mwisho akapitisha kisu kwenye mkono wa kushoto. Vinyweleo vilianguka bila kujua kilichotokea.

"Kinolewacho hupata," alisema kila mara, akikikunja. Tak.

Kisu chenyewe hakikuwa na sura. Kilikuwa cha chuma cheusi, kile kinachoshika kutu ukikisahau na unyevu wa usiku mmoja. Maji ya limau yalikipaka rangi za ajabu, buluu, zambarau, hata ya dhahabu kidogo karibu na mpini. Kwa miaka ya kunolewa ubapa wake ulikuwa umekonda kama mwiba wa samaki. Lakini kilikubali jiwe. Mama alisema kisu kile ni kama mtoto msikivu, humwambii mara mbili.

Jirani yake mezani alikuwa Mzee Utepe, aliyeitwa hivyo kwa sababu utepe wa kufungia miche ulining'inia shingoni mwake tangu anaingia hadi anatoka, na inasemekana aliwahi kwenda nao msibani. Kisu chake yeye kilikuwa cha stenlesi, kinang'aa kama kijiko cha wageni, alikinunua kwa mchuuzi wa barabarani. Stenlesi laini ile ilinoleka upesi kuliko hata chuma cheusi, tatizo ni kwamba makali yalikuja haraka na kuondoka haraka. Kufika saa nne asubuhi yalikuwa yamelala. Mzee Utepe hakubeba kinoo. Alimaliza chai, akageuza kikombe, akanoa kwenye kitako chake, pale pasipopakwa rangi.

"Bi Ishirini," alimwita mama, "umeshamaliza kuhesabu leo au bado uko kwenye kumi na saba?"

"Nilimaliza wakati wewe unaota."

"Mimi nanoa mara nane kwa siku, shemeji. Wewe mara moja. Nani mchapakazi hapa?"

"Anayekwenda chooni mara nane kwa siku haitwi mchapakazi," mama alijibu bila kuinua macho. "Anaitwa mgonjwa."

Meza nzima iliangua kicheko, na mimi chini ya meza, siku za likizo, nikikusanya mabaki ya utepe na kuyasuka, nilicheka kuliko wote ingawa nilielewa nusu tu. Ninavyokumbuka, utoto wangu wote una harufu ya majani ya limau yaliyokatwa.

Kila mbebeshaji alifunga uzi wa rangi yake juu ya utepe, ili siku ya kufungua ijulikane kazi ni ya nani. Rangi ya mama ilikuwa nyekundu. Katika miche mia ya uzi mwekundu, tisini na zaidi ilikuwa hai. Hakuna aliyemfikia. Msimamizi wa kitalu, kijana ambaye mama ndiye aliyemfundisha kukata jicho, aliwaleta wateja wakubwa hadi mgongoni kwake waone.

Nikakua. Nikasoma, nikapata kazi ya ukarani kwenye ghala la vipuri katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mshahara wa kwanza ulipoingia sikuwa na swali nitamnunulia mama nini.

Mwenye duka alinitolea kisu kutoka kwenye sanduku lenye sponji. Mpini mweusi usioteleza, ubapa wa kijivu uliokolea. "Chuma hiki ni kigumu," akaniambia. "Hakijui kutu. Makali yake yanakaa miezi. Mwambie mama apumzike kunoa."

Maneno hayo, *apumzike kunoa*, ndiyo yaliyonifanya ninunue. Nilimwona mama akiamka na kunywa chai yake kwa raha, kinoo kikiwa kimekaa pembeni kama ng'ombe aliyestaafu.

Nilimpa mara ya kwanza niliporudi kumsalimia. Alikifungua, akakifunga, akakifungua tena. Kilitoka dukani kikiwa kimenolewa kwa mashine, kilinyoa mkono hata kabla hakijagusa. Mama alisema "Loo!" kama msichana. Jioni alikwenda nacho kwa majirani watatu, na kwenye kila mlango alisema sentensi ileile: "Mwanangu huyo, hakula mshahara wake wa kwanza." Kile cheusi alimpa mama mdogo, mdogo wake, akamenyee viazi.

Tangu hapo, kila nilipompigia simu, baada ya salamu niliuliza: "Na kisu, mama?"

"Kinakata kama wembe, mwanangu."

Miezi mitano. Kama wembe, kama wembe.

Nilipopata likizo ya wiki moja nilifika nyumbani Jumamosi mchana. Mama alinipokea begi mlangoni, akanikumbatia, akanisukuma kidogo nyuma anitazame kama nimekonda. Nikamshika mikono yote miwili. Hapo ndipo nilipoona.

Mkono wa kushoto ulikuwa na nywele.

Nilikula, nikacheka, nikajibu maswali ya lini nitamletea mkwe. Lakini jicho langu halikutoka kwenye mkono ule. Nywele fupi, laini, zimelala upande mmoja, kama majani yanayoota njiani pasipopita watu tena. Alipoingia jikoni nikasema naenda kuwasalimu wa kitalu.

Mzee Utepe alikuwa peke yake mezani, akikaza utepe kwa meno. Aliniona, akautema.

"Karani wetu! Karibu, karibu. Umekuja kutuhesabu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa hapo. Mama yako amekwambia?"

"Ameniambia nini?"

Alijifuta mikono, akainuka. Akaniongoza hadi safu za mwisho, ambako miche iliyofunguliwa hupangwa kabla ya kuhesabiwa. Uzi mwekundu ulikuwa safu nzima. Niliinama. Jicho la kahawia, jicho la kahawia, la kijani, la kahawia, jeusi, la kahawia.

"Arobaini na moja," akasema Mzee Utepe. "Kati ya mia. Kundi la kabla yake hamsini na tano. Msimamizi amempa kundi moja zaidi, anaanza Jumatatu. Likifa hilo, atahamishiwa kwenye mpira wa maji."

Mpira wa maji ilikuwa kazi ya kumwagilia, kazi ya wanaoanza. Nilimwona mama akipita nyuma ya migongo ya wenzake na mpira mkononi, huku mtu mwingine akikaa mahali pake. Miaka ishirini na sita alikaa pale. Mbao ya benchi ilikuwa imechukua umbo lake.

"Anazeeka, watu wanasema," akaongeza Mzee Utepe. "Mkono unatetemeka, macho. Mimi nakaa naye bega kwa bega. Hatetemeki. Ni hicho kisu chako, binti yangu, nisamehe. Ni kizuri kama bibi harusi, lakini hakijui jikoni. Miezi miwili ya mwanzo kilikuwa moto. Kisha makali yakaanza kwenda, polepole, na hayakurudi."

"Si anoe?"

"Ananoa! Kila siku ananoa. Ishirini na ishirini. Nimemwambia, shemeji, chukua hiki changu walau. Akaniambia bora afe."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Njiani nilipita kwa mama mdogo kuulizia kisu cheusi. Mama mdogo alishika mdomo. Baba mdogo alikuwa amefungulia nacho mkebe wa rangi, ncha ikaruka, na ubapa ukapasuka hadi nusu. Walikuwa wakitafuta namna ya kumwambia mama. Kwa hiyo njia hiyo ilifungwa.

Jumapili asubuhi niliamka kabla yake. Nilichukua kinoo nikakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Nakijua kinoo kile kuliko ninavyoijua sura yangu. Siku zote kilikuwa na uso wa ukungu, mkavu kidogo ukikigusa. Sasa katikati kilikuwa kinang'aa kama kigae. Jiwe halikuwa likila kisu. Kisu ndicho kilichokuwa kikisugua jiwe hadi likalainika.

Mama akatoka na kigoda. Akanikuta nacho.

"Kaa nidondoshee maji," akasema, kwa furaha ya kweli, kana kwamba nina miaka saba.

Nikadondosha. Akahesabu. Moja, mbili, tatu. Nilisikiliza sauti. Chuma cheusi kilikuwa kikisema *shaa, shaa*, sauti ya kitu kinachotoka kisuni na kubaki jiweni. Hiki kilikuwa kinateleza tu, *siii, siii*, kama mtu anayeitikia kila unachosema na hana nia ya kukifanya. Ishirini. Ishirini. Maji yalibaki maji, hakukuwa na tope. Mama alipitisha kidole, akatafuta uzi, hakuupata, akakifuta kisu kwenye mkanda kwa heshima zote kana kwamba ameupata.

"Mama. Jaribu mkononi."

"Si lazima kila siku."

"Mama."

Akakikunja. "Nani kakwambia? Yule mwenye utepe?"

"Mkono wako umeniambia. Mama, kisu nilichokuletea hakikufai. Nilikosea. Sikukuuliza, nilinunua sifa za mwenye duka."

"Usiseme hivyo."

"Hakikufai, na umejua tangu lini?"

Aliangalia pembeni, kwenye ukuta wa jirani ambako nguo zilikuwa zimeanikwa. "Mwezi wa tatu," akasema. "Nilikinoa, hakikupata. Nikasema labda ni mimi. Nikanoa tena. Kisha wewe unapiga simu, unauliza kisu, na sauti yako nasikia ilivyojaa furaha. Ningekwambiaje? Ningesema, mwanangu, mshahara wako wa kwanza umeniharibia miche?"

"Ndiyo! Ungesema hivyohivyo!"

"Hujazaa wewe," akasema.

"Mchelea mwana kulia, mama..."

"Hulia yeye. Najua, mimi ndiye niliyekufundisha." Na akalia kweli, kidogo, kwa hasira, akijifuta kwa kiganja chenye maji ya jiwe hadi shavu likabaki na mstari. "Mimi si mtu wa mpira wa maji," akasema. "Siwezi. Bora nikae nyumbani."

Ng'ambo ya ukuta msumeno wa fundi ulipiga kelele, ukanyamaza, ukapiga tena. Nyumba ya jirani ilikuwa ikijengwa upya, na hata Jumapili fundi marumaru alikuwa kazini kwenye meza ya jiko lao. Nilikuwa nikiisikia sauti ile tangu jana, kama unavyosikia kuku. Sasa niliisikia vingine. Huyu mtu anakata jiwe. Anasugua jiwe. Kama kisu hiki kimelishinda jiwe letu, basi nimtafute anayeyashinda mawe.

Nikachukua kisu, nikazunguka ukuta, nikamkuta fundi amejaa vumbi jeupe hadi kope. Nikamweleza. Alikichukua kisu, akakigonga kwa kucha, akakisikiliza, akatikisa kichwa.

"Hiki, kinoo hakikiwezi, dada. Ndani ya chuma hiki kuna chembe ngumu kuliko chembe za jiwe lako. Ni kama kumkwaruza mamba kwa ukucha." Akapekua ndoo yake, akatoa kipande cha duara kama kiganja, chekundu, chenye vijichumba vidogo, kimelika nusu. "Hiki kina vumbi la almasi. Nang'arishia marumaru. Kimechakaa, chukua."

"Almasi kweli?"

"Kweli. Lakini mtu haposi nacho, nimeshajaribu."

Nilirudi nikakiweka kipande juu ya kinoo, nikakilowesha maji. Nikanyoosha mkono nichukue kisu nianze, maana mama alikuwa bado anajifuta pua.

"Wee!" Mama akanipiga kofi jepesi kwenye vidole. "Toka lini?"

Nikarudi kwenye kikombe changu.

Akaweka mlalo wake. Akasukuma. Sauti ikabadilika hapohapo, si *siii* tena, ikawa ya kukwaruza, ya ukali, hata mama akainua nyusi. Kufika ishirini, maji yalikuwa na ukungu wa kijivu. Akageuza upande. Ishirini. Akasimama.

"Endelea," nikasema.

"Ishirini zimeisha."

"Mama, ishirini ni za chuma cheusi. Bibi hakukijua hiki."

Aliniangalia kwa muda. Ilikuwa kana kwamba nimemwomba aongeze rakaa kwenye sala. Kwa sura yake nilijua kwamba zile ishirini si hesabu tu. Ndizo zilizobaki za sauti ya bibi asubuhi. Kisha akainama. Akaanza tena, lakini hakuanza moja. Alisema, "Ishirini na moja." Taratibu, kwa sauti, kama mtu anayevuka mto na hajui kina.

Kwenye sitini alivua mtandio. Kwenye tisini akasema mgongo unauma, nikamsogezea kigoda ukutani. Kwenye mia na kumi akaanza kutukana, kwa adabu, mtu aliyekitengeneza kisu kile na ukoo wake. Kwenye mia thelathini na nane akasimama, akapitisha kidole gumba. Macho yakatulia.

"Uzi," akasema.

Aligeuza upande, akaenda hadi mia thelathini na nane nyingine, bila mzaha tena. Mkanda. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, na nywele za miezi mitatu zikaanguka kwenye kanga yake.

Jumatatu nilikwenda naye. Nilikaa chini ya wavu, kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamtazama akibebesha miche mia. Mkono wake ulikwenda kama zamani: kata, inua gome, chomeka, funga, uzi mwekundu. Saa nne Mzee Utepe aligeuza kikombe chake. Saa nane akakigeuza tena. Mama hakunoa. Jumanne na Jumatano aliketi mezani na kisu kilekile, hakijaguswa na jiwe, na bado kilikata.

"Bi Ishirini," akasema Mzee Utepe, "siku hizi huhesabu?"

"Nilihesabu Jumapili. Za mwezi mzima."

"Na hicho kisu cha bibi harusi kinakata mpaka lini?"

"Mpaka wewe uoge."

Msimamizi alipita mara mbili, akatazama mikato, akaenda zake. Sikumlaumu. Mche hauhukumiwi siku ya kufungwa.

Likizo ikaisha kabla ya utepe kufunguliwa. Nilirudi kazini, na wiki zile mbili na nusu nilihesabu vipuri vibaya hadi bosi akaniuliza kama nina mchumba. Simu ya mama ilikuja Ijumaa mchana. Nilitoka nje ya ghala, nikasimama kati ya malori mawili.

"Tisini na tatu," akasema. Nyuma yake nilisikia sauti za meza, watu wakicheka, mtu akiita jina lake. "Msimamizi amenifutia vumbi kwenye benchi kwa mkono wake mwenyewe. Wengine wanasema alikuwa anajipendekeza. Mwache ajipendekeze."

Mama akaendelea.

"Sasa nikwambie. Kisu nimempa Mzee Utepe."

"Mama!"

"Nisikilize. Ni kizuri. Wala usijute, ni chuma cha kweli. Lakini ni cha mtu asiyependa kunoa. Yeye atakinoa mara moja kwa mwezi, kwa hicho kipande cha fundi, nimemwonyesha, amelalamika kama anazaa. Mimi nilikaa asubuhi za wiki tatu sina la kufanya. Nakunywa chai natazama ukuta. Siku haianzi. Leo nimefanya kazi kwa kisu chake cha kung'aa, na nimenoa mara sita, aibu tupu. Kwa hiyo nataka kitu."

Mama yangu, tangu nizaliwe, hakuwahi kuniambia anataka kitu. Ukimuuliza chakula gani anasema chochote, ukimuuliza rangi gani anasema yoyote. Nilitafuta kalamu mfukoni, nikageuza karatasi ya kupokelea mzigo.

"Sema, mama."

"Chuma cheusi. Si cha kung'aa. Ukikilamba kinaacha ladha kama ya damu. Kama hakiachi, usikichukue. Ubapa mfupi, kama kidole changu cha kati, si chako, wewe una vidole vya baba yako. Mpini wa mti. Mwenye duka akikwambia hiki kitashika kutu, mwambie ndiyo, ndicho. Akikusifia kingine, ondoka."

"Na rangi ya mpini?"

Hapo nilisubiri ile *yoyote*. Haikuja. Nilisikia Mzee Utepe akiuliza anaongea na nani muda wote huo.

"Rangi," akasema mama, na nikasikia anatabasamu. "Ngoja nifikirie."

Nikasimama kati ya malori, kalamu juu ya karatasi, nikamngoja.